MAX THEILER: MTU ALIYE NYUMA YA KADI YA MANJANO

Kalamu yangu leo inawaletea maisha ya mtu ambaye dunia nzima ya madaktari inamjua, alipata tuzo ya Nobel, na zaidi ya hayo alizaliwa papa hapa Afrika. Lakini nikisimama pale sokoni Kosele siku ya soko nilitaje jina lake, sidhani kama mtu hata mmoja atageuka. Anaitwa Max Theiler. Ndiye aliyetengeneza chanjo ya homa ya manjano, ile sindano wanayochomwa wasafiri kabla ya kwenda ng'ambo, kisha wanapewa kijitabu tunachokiita kadi ya manjano.

Kwa nini nimemchagua yeye? Nitasema wazi. Chama chetu kimekuwa kikizungumzia safari ya kupitia Oyugis, Kisii, Rongo na Migori hadi Isebania, tuvuke Sirare na kwenda kuwatembelea wenzetu wa Tanzania, huko ambako Kiswahili hakichanganywi na lugha nyingine kama huku kwetu. Tulipoambiwa kwamba kila msafiri anahitaji kadi ya manjano, kelele ilizuka. Baadhi yetu walisema sindano ya nini na sisi hatuumwi. Mwingine akasema eti baba yake mdogo huvuka kila mwezi na hajawahi kudungwa: alinunua kadi yenye muhuri tayari, sindano hakuiona hata kwa macho. Watu walicheka wakaona huo ndio ujanja. Mimi sikucheka. Niliingia maktaba, na nimetoka na maisha ya huyu mzee.

Max Theiler alizaliwa tarehe 30 Januari 1899 mjini Pretoria, Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uswisi. Baba yake, Arnold Theiler, alikuwa daktari wa mifugo, na hapo lazima nisimame kidogo kwa sababu sisi watu wa ng'ombe tuna deni kwake. Mzee Arnold alipofika Afrika Kusini mwaka wa 1891 alipata ajali ya mashine ya kukatia majani ya mifugo, akapoteza mkono wa kushoto. Mtu mwingine angekata tamaa arudi kwao. Yeye alibaki. Ugonjwa wa sotoka ulipofagia ng'ombe wa Afrika katika miaka ya 1890, yeye alikuwa mmoja wa waliotafuta kinga yake. Baadaye alichunguza ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao wafugaji wa huku wanauita tu Istikosti, unaovimbisha matezi ya ndama na kumaliza boma zima. Kimelea chake kinaitwa Theileria mpaka leo, kwa heshima ya huyo mzee wa mkono mmoja. Basi mkimwona mtaalamu wa mifugo akiandika neno hilo kwenye karatasi, mjue ni jina la mtu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Max alikulia katikati ya maabara ya babake, akaenda kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha mwaka wa 1919 akavuka bahari hadi London. Huko mambo hayakumwendea sawa. Chuo Kikuu cha London kilikataa kuihesabu miaka yake miwili ya Cape Town. Alimaliza mwaka wa 1922 akiwa na stashahada zinazomruhusu kutibu, lakini shahada kamili ya udaktari hakupata, na hakuipata maisha yake yote. Nawaomba wale wenzangu wanaolia kila matokeo yanapotoka waisome sentensi hiyo mara mbili.

Hakufungua kliniki. Mwaka huohuo wa 1922 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard, katika idara ya magonjwa ya nchi za joto. Mnamo 1926 na 1927 alirudi Afrika na msafara wa chuo hicho uliopita Liberia na Kongo ya Wabelgiji, wakichunguza maradhi ya watu na wanyama. Lakini ugonjwa uliomkamata moyo ni homa ya manjano.

Hebu niwaeleze huo ugonjwa, maana wengi tunadhani ni malaria iliyobadilisha rangi. La hasha! Ni virusi vinavyoenezwa na mbu, hasa yule mwenye mistari myeupe miguuni anayeuma mchana na kutaga mayai kwenye mitungi na makopo yenye maji. Mgonjwa huanza na homa, kichwa na mgongo kuuma. Siku ya tatu au ya nne anapata nafuu, watu wa nyumbani wanafurahi. Kumbe kwa wengine huo ni mtego. Homa inarudi kwa nguvu, macho yanageuka manjano kwa sababu ini limeharibika, anatapika damu nyeusi. Kati ya wanaofikia hatua hiyo, karibu nusu hufa ndani ya siku saba hadi kumi. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo hata leo.

Siku hizo hata chanzo chake kilikuwa na ubishi. Mtafiti mashuhuri wa Kijapani, Hideyo Noguchi, alikuwa ametangaza kwamba homa hiyo husababishwa na bakteria fulani aliyempata Amerika ya Kusini. Noguchi alikuwa jina kubwa sana, na Theiler wakati huo alikuwa kijana wa miaka 27 asiye na shahada. Hata hivyo yeye na mwenzake Andrew Sellards walionyesha mwaka wa 1926 kwamba bakteria huyo ni yuleyule wa ugonjwa mwingine wa panya, na homa ya manjano haihusiani naye. Haikuwa rahisi kwa kijana kumkosoa mkubwa hadharani.

Sasa nawaomba tuondoke Marekani kidogo twende Afrika Magharibi, kwa sababu bila tukio lililotokea huko, kazi yote ya Theiler isingekuwapo. Mwaka wa 1927, katika kijiji cha Kpeve, nchi ambayo leo ni Ghana, kijana mmoja wa miaka 28 aliugua homa. Jina lake lilikuwa Asibi. Daktari Alexander Mahaffy, aliyefanya kazi na Wakfu wa Rockefeller, alimtoa damu kidogo. Damu hiyo ilidungwa kima aliyeletwa kutoka India. Kima alikufa kwa homa ya manjano. Asibi alipona.

Hayo tu ndiyo tunayoambiwa juu ya Asibi katika vitabu nilivyosoma: jina moja, umri, kijiji na damu. Hatuambiwi kama alioa, kama alilima kakao, kama aliwahi kuelezwa damu yake ilikwenda wapi. Lakini virusi vile vilivyotoka mwilini mwake vilipewa jina lake, vikahamishwa kutoka kima hadi kima, kutoka maabara hadi maabara. Mimi naona ajabu, na kusema kweli naona uchungu kidogo pia, kwamba waliopata medali wana picha na sanamu, na huyu tuna jina moja tu.

Kazi hiyo iliua watu. Adrian Stokes, mmoja wa watafiti waliothibitisha kwamba ni virusi, aliambukizwa akafa Lagos Septemba 1927. Noguchi mwenyewe alikuja Accra kutetea nadharia yake, akafa kwa homa hiyohiyo Mei 1928. Siku chache baadaye daktari William Young, aliyeipasua maiti ya Noguchi ili aichunguze, naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Na Theiler? Mwaka wa 1929 aliambukizwa akiwa kwenye maabara kule Boston. Bahati ilikuwa upande wake, akaugua kwa wastani akapona, na tangu hapo damu yake ikawa na kinga. Kuanzia hapo alikuwa anashika virusi hivyo bila kuogopa kama wenzake.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulihusu panya. Kima wa India walikuwa ghali na wa taabu, kila jaribio lilihitaji pesa nyingi. Theiler aligundua, na akatangaza mwaka wa 1930, kwamba panya weupe wa maabara wakidungwa virusi ndani ya ubongo wanaugua. Panya ni rahisi, unaweza kuwa nao mamia kwa bei ya kima mmoja. Wakubwa wengine hawakuamini mwanzoni. Lakini wapi! Jambo lilikuwa kweli. Na kulikuwa na jambo la pili: virusi vilivyopitishwa kwa panya mara nyingi vilipoteza ukali wake kwa ini la kima. Yaani vilianza kufuga makucha. Tatizo ni kwamba vilikuwa vimezoea ubongo, na chanjo inayopenda ubongo ni hatari. Wafaransa walitumia chanjo ya namna hiyo Afrika Magharibi kwa miaka mingi. Iliwaokoa watu wengi sana, lakini iliwapa watoto wengine uvimbe wa ubongo, hata ikaachwa.

Panya hao walileta faida nyingine ambayo ilifika mpaka ziwani kwetu. Changanya damu ya mtu na virusi, mdunge panya: panya akiishi, huyo mtu ana kinga, maana yake aliwahi kupata homa ya manjano hata kama hajui. Kwa njia hiyo ikawezekana kuchora ramani ya ugonjwa bila kungoja watu wafe. Ilikuwa haraka kwa sababu ya ndege. Tangu 1931 ndege za kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza zilikuwa zinatua Kisumu katika njia ya kutoka Misri, na wakubwa wakashikwa na hofu: itakuwaje mtu, au mbu, akipanda ndege na homa ya manjano na kuteremka Kisumu, kisha Mombasa, kisha India, ambako ugonjwa huo haujawahi kufika na mbu wanaoweza kuueneza wamejaa tele? Kumbe vipimo vya panya vilionyesha kwamba hata Sudan na Uganda wako watu wenye kinga. Ugonjwa ulikuwa umejificha kimyakimya misituni miongoni mwa tumbili. Mwaka wa 1936 Wakfu wa Rockefeller ulifungua taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe, Uganda, na aliyewekwa kuiongoza ni Mahaffy, yuleyule aliyemtoa Asibi damu. Taasisi hiyo ipo hadi leo kwa jina la Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Virusi vya Zika, vilivyosumbua dunia mwaka wa 2016, viligunduliwa na watu wake mwaka wa 1947 walipokuwa wakitafuta homa ya manjano katika msitu wa Zika.

Turudi kwa Theiler. Mwaka wa 1930 alihamia New York kwenye maabara za Wakfu wa Rockefeller. Hapo ndipo ilipoanza ile kazi ndefu, na ikiwa kuna mtu anayedhani sayansi ni kupiga kelele nimegundua, basi asome hapa. Theiler na wenzake, akina Wray Lloyd, Nelda Ricci na Hugh Smith, walichukua virusi vya Asibi wakavilisha tishu zilizosagwa ndani ya chupa. Kwanza tishu za panya ambao hawajazaliwa, halafu za vifaranga ambao hawajaanguliwa, halafu za vifaranga walioondolewa ubongo na uti wa mgongo. Kila baada ya siku chache waliteka kidogo kutoka chupa hii wakatia kwenye chupa mpya. Mara ya kumi, mara ya ishirini, mara ya hamsini. Miaka ikapita. Virusi vilikuwa bado vikali. Kisha wakati fulani, karibu na mara ya 100, vilibadilika ghafla. Vilidungwa kima, kima hakuugua ini wala ubongo, na alipopewa virusi vikali baadaye alisimama imara. Mvumilivu hula mbivu, na hii ilikuwa mbivu kwelikweli. Aina hiyo waliiita 17D, jina tu la safu ya majaribio kwenye daftari.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hawakujua kilichobadilika. Walijaribu tena kwa njia ileile, mambo hayakujirudia kama walivyotaka. Katika miaka ya 1980 ndipo wanasayansi waliposoma maandishi ya ndani ya virusi vya Asibi na vya 17D, wakalinganisha. Kati ya herufi karibu 11,000, tofauti zilikuwa 68 tu. Hizo 68 ndizo zinazotenganisha kaburi na kinga.

Theiler na Smith walitangaza matokeo yao mwaka wa 1937. Mwaka huohuo watu wa Brazil wakaanza kuchanjwa, na kufikia mwisho wa 1938 walikuwa wamepita milioni moja. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, askari waliopelekwa nchi za joto walihitaji chanjo kwa wingi, na Rockefeller ilitengeneza zaidi ya dozi milioni 28 kati ya 1940 na 1947, ikawa inazitoa bila malipo.

Sitawaficha upande mbaya, kwa sababu wale wanaoogopa sindano wana haki ya kujibiwa. Mwaka wa 1942 maelfu ya askari wa Marekani walipata ugonjwa wa ini baada ya kuchanjwa. Wengine walikufa. Kosa halikuwa la virusi vya 17D. Chanjo ilikuwa inachanganywa na seramu, yaani majimaji ya damu ya binadamu, ili isiharibike, na seramu nyingine ilikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo siku hizo hakuna aliyevijua. Seramu ikaondolewa. Kabla ya hapo, mwaka wa 1941, Brazil nako kulitokea visa vya uvimbe wa ubongo kwa sababu virusi vya chanjo viliendelea kulishwa na kuhamishwa mpaka vikabadilika tena. Ndipo ukawekwa utaratibu wa mbegu: chanjo yote itoke kwenye akiba moja iliyohifadhiwa, isipite hatua zaidi ya zilizoruhusiwa, na kila kundi lipewe nambari yake. Hata leo madhara makubwa yapo ingawa ni ya nadra sana, ndiyo maana hawadungi watoto wa chini ya miezi sita, wenye mzio mkali wa mayai, wala wenye kinga iliyodhoofika sana mwilini, na wazee waliopita miaka 60 hupimwa kwanza. Nesi anapokuuliza maswali mengi kabla ya kukudunga, si umbeya.

Mwaka wa 1951 Theiler alitunukiwa tuzo ya Nobel ya tiba. Alikuwa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kupata Nobel yoyote. Waandishi wa habari walipotaka kujua pesa atazifanyia nini, alijibu kwa mzaha kwamba atanunua wiski na kwenda kutazama mchezo wa besiboli. Wanaomjua wanasema alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa hotuba. Alikuwa na mke, Lillian, waliyeoana mwaka wa 1928, na binti mmoja. Kuanzia 1964 hadi 1967 alifundisha Chuo Kikuu cha Yale. Alifariki tarehe 11 Agosti 1972 mjini New Haven, akiwa na miaka 73.

Je, huku kwetu ugonjwa wenyewe upo? Upo. Kati ya 1992 na 1993 ulizuka katika bonde la Kerio, watu wa Baringo na Elgeyo Marakwet wakafa. Mwaka wa 2016 wasafiri wawili walirudi Nairobi kutoka Angola wakiwa nao. Mwaka wa 2022 ulizuka Isiolo. Ndiyo sababu Tanzania, Uganda, India na nchi nyingine nyingi humuuliza Mkenya kadi yake. Mgonjwa wetu akichangiwa pesa aende India kwa matibabu, kadi hiyo lazima iwemo pamoja na pasipoti, na lazima sindano iwe imedungwa angalau siku kumi kabla, kwa sababu kinga haiji siku moja. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hakuna kurudia baada ya miaka kumi kama zamani.

Sasa nije kwa huyo aliyenunua kadi. Askari wa mpakani atatazama muhuri amruhusu, sawa. Mbu hasomi muhuri. Na akirudi na virusi mwilini kutoka kokote aendako, hatakuwa peke yake: atashuka gari Oyugis, atapanda bodaboda, atalala nyumba yenye mitungi ya maji kama nyumba zetu zote, ataumwa na mbu mchana, na mbu huyo atahamia kwa jirani ambaye hajawahi kwenda popote.

Mkipata kadi ya kweli, iangalieni vizuri. Kuna safu ya tarehe, kuna sahihi ya aliyedunga, kuna muhuri wa kituo. Katikati kuna safu ya mtengenezaji na nambari ya kundi la chanjo. Nambari hiyo inaonyesha chupa ilitoka wapi, iwe Dakar, Ufaransa, Urusi au Brazil. Kiwanda kitaonyesha mbegu yake, na mbegu ukiifuata nyuma utafika kwenye chupa za Theiler za 1937, na nyuma yake tena, kwa yule kijana wa Kpeve. Katika kadi za kununua, nambari hiyo muuzaji huitunga mwenyewe.